Bustani ya Nyumbani Kabla ya Mvua za Masika

Kila mwaka, tarehe 20 au 21 Machi, jua hupita juu ya mstari wa Ikweta likitoka kusini kwenda kaskazini. Siku hiyo mchana na usiku hukaribia kuwa sawasawa duniani kote. Kwa watu wa Uingereza, huo ndio mwanzo wa majira waliyoyangojea tangu Novemba: baridi hupungua, miti iliyopukutisha majani huchipua, na kila mwenye kipande cha ardhi nyuma ya nyumba yake huenda kukitazama akiwa na jembe mkononi. Kwa watu wa Kenya, safari hiyo hiyo ya jua ndiyo iletayo mvua za masika, kwani mkanda wa mawingu ya mvua hulifuata jua, ukiwa nyuma yake kwa majuma machache. Basi mwenye bustani wa Kent na mwenye bustani wa Kiambu huamshwa na jambo moja. Lakini kazi iwapasayo haifanani, na yule wa Kiambu akimwiga yule wa Kent atapoteza mbegu zake na wakati wake.

Mwingereza hana shida ya maji. Mvua na theluji zimeilowesha ardhi yake miezi yote ya baridi, pengine kupita kiasi. Akikosacho ni joto. Mbegu ya maharagwe ikitiwa katika udongo wa baridi huvimba, haioti, na baada ya siku chache huoza. Kwa hiyo hungoja mpaka Mei ndipo apande maharagwe nje, na miche ya mboga nyingine huiotesha ndani ya nyumba, katika visanduku vya udongo vilivyowekwa dirishani au chini ya vioo. Hata miche hiyo ikiwa mikubwa, haitoi nje mara moja. Huitoa mchana na kuirudisha ndani jioni, kwa siku saba au kumi, ili izoee upepo na baridi. Kwani usiku mmoja wa jalidi, yaani umande uliogandika, waweza kuua kazi ya miezi miwili.

Katika Kenya udongo una joto la kuoteshea mbegu mwaka mzima. Kweli, jalidi huonekana alfajiri katika sehemu za juu kama Kinangop na Limuru, lakini huonekana zaidi katika miezi ya kiangazi, Desemba mpaka Februari, wakati mbingu ya usiku haina mawingu ya kuifunika nchi. Mvua zikianza, nayo huondoka. Kikosekanacho ni maji. Na yakija huja kwa ghafula na kwa wingi. Ndiyo sababu kazi kubwa ya bustani hufanywa kabla mvua haijaonekana, wakati ardhi ni ngumu, jua ni kali, na mtu hana hamu kabisa ya kushika jembe.

Kipawa cha mvua ya kwanza

Wazee wa vijijini hujua kwamba mmea uliopandwa mvua zinapoanza huwa na rangi ya kijani iliyokolea kuliko ule uliochelewa juma mbili au tatu, ingawa shamba ni lile lile na mbegu ni ile ile. Sababu yake ilichunguzwa huko Muguga, karibu na Nairobi, katika kituo cha utafiti wa kilimo na misitu cha Afrika Mashariki. Mtaalamu aliyeitwa H. F. Birch alikausha udongo, akaulowesha tena, akapima yaliyotokea ndani yake, na mwaka 1958 akachapisha matokeo. Wataalamu wa udongo ulimwenguni kote hulitaja jambo hilo kwa jina lake hata leo.

Aliyoyaona ni haya. Ndani ya udongo mmekaa vijidudu visivyohesabika, vidogo hata jicho haliwezi kuviona. Kazi yao ni kula mabaki ya majani, mizizi na samadi na kuyageuza yawe chakula cha mimea. Udongo ukikauka wakati wa kiangazi, wengi wao hufa na wengine hulala. Mvua ya kwanza ikiulowesha, waliobaki huamka na kuzaana upesi, nao huyashambulia mabaki yote yaliyolimbikizwa pamoja na miili ya wenzao waliokufa. Katika siku chache nitrojeni nyingi hufunguliwa, na nitrojeni ndiyo inayoyapa majani ukubwa na rangi ya kijani. Kadiri kiangazi kilivyokuwa kirefu ndivyo kipawa hicho kinavyokuwa kikubwa. Lakini hakidumu. Baada ya majuma machache kasi hupungua, na mvua kubwa zinazofuata huichukua nitrojeni iliyobaki na kuizamisha chini, mahali ambapo mizizi mifupi ya mboga haifiki.

Na wafikiriwe majirani wawili wenye viwanja sawa. Wa kwanza alilima mwezi wa Februari, akatia samadi, akaotesha miche katika kitalu kidogo kwa maji ya kuchota. Mvua ilipolowesha ardhi barabara, alihamisha miche yenye mizizi tayari, nayo ikakipokea kipawa chote. Wa pili alingoja aione mvua kwanza. Alilima katika matope siku kadhaa, kisha akasia mbegu. Na miche yake ilipofikia kimo cha kuhamishwa, Aprili ilikuwa imekwisha na nitrojeni imekwenda na maji. Magugu ndiyo yaliyonenepa kwa mali yake.

Tofauti ya majirani hao huonekana jikoni. Mahindi yanayopandwa wakati wa masika hayaliwi mabichi kabla ya Juni au Julai, na katika nchi za baridi huchelewa zaidi. Kati ya Aprili na Juni ghala za watu wengi zimepungua, na mjini bei ya unga mara nyingi hupanda. Nyumba yenye sukuma wiki, kunde na mchicha mlangoni katika miezi hiyo hupika kitu chenye nguvu pamoja na ugali. Nyumba isiyo navyo hununua, au watoto hula ugali kwa chumvi.

Kazi za Februari na mwanzo wa Machi

Tarehe za mvua hazilingani nchi nzima. Katika sehemu za Magharibi mvua huweza kuanza mwisho wa Februari. Katika nyanda za juu za kati mara nyingi ni katikati au mwisho wa Machi. Pwani huzidi nguvu Aprili na Mei. Ukambani, hasa Machakos na Kitui, watu wengi huzitegemea mvua za mwisho wa mwaka kuliko za masika, na mashauri haya wayatumie kwa Septemba na Oktoba. Kwa vyovyote, hesabu ni moja: kitalu kitangulie mvua kwa majuma manne au matano.

Matuta ya bustani yafaa yawe na upana wa futi 3 au 4, ili mtu aweze kufikia katikati kwa mkono kutoka kila upande bila kuukanyaga udongo. Mahali penye mteremko yakate mteremko, wala yasishuke nao. Penye mvua nyingi udongo uinuliwe inchi 6 ili maji yapite. Penye ukame afadhali tuta liwe chini kidogo ya njia, ili maji machache yaingie. Ardhi ilimwe kwa kina cha jembe zima. Mabonge makubwa yasipondwe yote yakawa vumbi, kwani mvua ya kwanza hugandamiza vumbi likawa kama sakafu, na mche dogo hushindwa kulipasua.

Samadi ndiyo mahali ambapo wengi hukosea. Samadi mbichi iliyotoka zizini jana huunguza mizizi ya miche, na karoti zikikutana nayo hugawanyika miguu miwili na mitatu. Itumike ile iliyooza mpaka imekuwa nyeusi, haina harufu kali, na hubomoka mkononi. Debe moja latosha kwa eneo la futi 5 kwa futi 5. Asiye na ng'ombe hutengeneza mboji kwa kupanga matabaka ya majani, maganda ya ndizi na viazi, majivu kidogo na udongo, akinyunyiza maji na kupindua kila baada ya majuma mawili au matatu. Mboji iliyoanzishwa Desemba huwa tayari kwa masika. Iliyoanzishwa Machi yafaa vuli.

Kitalu cha miche hakihitaji nafasi kubwa. Futi 3 kwa futi 6 hutoa miche ya kabichi na sukuma wiki kupita mahitaji ya nyumba moja, na mkazi wa mjini asiye na kiwanja aweza kutumia sanduku la mbao au debe lililokatwa ubavuni na kutobolewa matundu chini. Mbegu zisiwe kwa mistari iliyoachana inchi 4 au 6, nazo zifunikwe kwa udongo usiozidi unene wa ukucha. Mtu mwenye mkono mzito huzimwaga zikasongamana. Kisha miche huota kama nywele, hukosa hewa, na asubuhi moja hukutwa imelala chini, mashina yakiwa yameoza usawa wa udongo. Ugonjwa huo hauna dawa baada ya kuingia. Kinga yake ni kusia kwa nafasi, kunyunyiza maji asubuhi badala ya usiku, na kuacha upepo upite.

Juu ya kitalu huwekwa kipaa cha nyasi au majani ya migomba, kimo cha futi 2 au 3, kuzuia jua kali. Maji hunyunyizwa kwa keni yenye matundu. Asiye nayo hutoboa kopo la bati kwa msumari mwembamba, nalo hufanya kazi vile vile. Siku saba au kumi kabla ya kuhamisha, nyasi za kipaa hupunguzwa kidogo kidogo na maji hupunguzwa pia. Hapo mwenye bustani wa Kiambu anafanya lile lile alifanyalo Mwingereza na visanduku vyake. Ila yeye huizoesha miche jua na kiu, na mwenzake huizoesha baridi.

Mbegu na urefu wa siku

Pakiti nyingi za mbegu zitokazo ng'ambo zimeandikwa nyuma mwezi wa kupanda, na mwezi huo ni wa nchi za baridi. Kosa la mwezi husahihishwa kwa urahisi. Liko kosa jingine lisilosahihishika, nalo ni la vitunguu.

London, mwishoni mwa Juni, mchana huchukua muda wa saa 16 na nusu hivi, na Desemba huwa karibu saa 8 tu. Nairobi, iliyo karibu na Ikweta, mchana ni saa 12 na dakika chache mwaka mzima. Kitunguu hupima urefu wa mchana ili kijue wakati wa kufanya kichwa. Aina zilizozoea Uingereza hungoja mchana wa saa 14 hata 16. Zikipandwa Kenya hungoja siku isiyokuja kamwe: majani hustawi, shingo hunenepa, na baada ya miezi sita mwenye bustani hung'oa kitu kama nyasi nene. Hulaumu udongo, au mvua, au jirani mwenye jicho baya, na kosa lilikuwa katika pakiti. Aina zifaazo ni zile za mchana mfupi, kama Red Creole na Bombay Red, ambazo hufanya kichwa vizuri kwa saa 12. Miche yake yaweza kusiwa Machi na kuhamishwa Mei, ili vichwa vikomae mvua zikiwa zimekwisha, kwani kitunguu kilichokomaa katika unyevu huoza upesi.

Karoti hazihamishwi. Husiwa pale pale zitakapokaa, mbegu zikichanganywa na mchanga mkavu ili zisisongamane, kisha hupunguzwa zibaki kwa nafasi ya inchi 2. Nyanya zinahitaji tahadhari, maana mvua za masika pamoja na ubaridi huleta ukungu unaounguza majani na matunda kwa siku chache. Ndio huo huo unaoua viazi. Kwa matumizi ya nyumbani, miche mitano au sita chini ya ukingo wa paa, ukutani panapopata jua, ambapo matone ya mvua hayapigi majani, itavunwa wakati nyanya za wazi zimekwisha kuwa nyeusi.

Mboga za asili hazina masharti hayo yote. Mchicha, ambao Wakikuyu huuita terere, huwa tayari kuchumwa baada ya juma tatu au nne tangu kusiwa. Majani ya kunde hali kadhalika. Mnavu, yaani managu au osuga, huchelewa kidogo, lakini ukichumwa vizuri huchipua tena na tena. Mboga hizi zilizaliwa katika nchi za kiangazi na mvua. Mbegu zake hulala katika vumbi na kuamka kwa mvua ya kwanza bila kuamriwa. Wakati fulani baadhi ya watu walizihesabu kuwa chakula cha wanyonge, wakazing'oa ili wapande kabichi. Leo huuzwa katika masoko ya Nairobi, na wenye maarifa ya lishe huzisifu kwa madini ya chuma na vitamini A kuliko kabichi. Bustani yenye akili huwa na zote: mboga za asili za kula Aprili, na sukuma wiki na kabichi za kufuata.

Maua

Wako wasemao kwamba maua hayaliwi. Ni kweli, isipokuwa nyuki huyala, na nyuki wakija kwa maua hupita pia katika maboga na matango, ambayo bila wao hayazai. Mstari mmoja wa maua kando ya njia ya mlangoni hauondoi mboga hata moja.

Mwenye kupenda maua afahamu kwamba yale yanayosifiwa sana katika majira ya kuchipua ya Ulaya, kama tulipu, hayatapendeza Kenya. Tulipu ilitoka milima ya Asia yenye majira ya baridi kali. Tunguu lake lisipokaa katika baridi majuma kumi na zaidi halitoi ua zuri. Lakini zinia, kosmosi, marigoldi na dalia zote asili yake ni Mexico, nchi yenye nyanda za juu na majira ya ukame na mvua. Kwa hiyo hujiona nyumbani Nyeri au Eldoret kuliko zijionavyo London. Zinia na kosmosi husiwa pale pale mvua zinapoanza, nazo huchanua baada ya miezi miwili hivi. Mawaridi yafaa yapogolewe mwisho wa Februari au mwanzo wa Machi: matawi yaliyokufa na yale yanayosuguana yakatwe, ili machipukizi mapya yakutane na mvua. Na mahali palipo juu, zaidi ya futi 6,000, mashina machache ya pareto huleta maua meupe yanayopendeza, ambayo yakikaushwa na kusagwa hutoa unga wa kuua wadudu. Pareto huhitaji ubaridi wa usiku ili ifanye vikonyo. Huko Mombasa itaota majani tu.

Siku ya kuhamisha

Manyunyu ya kwanza hayatoshi. Mtu achimbe kwa jembe na kutazama: unyevu ukifika chini ya inchi 6, mvua imeingia, usipofika, ardhi imelowa usoni tu na jua la siku mbili litaikausha. Miche ya kabichi na sukuma wiki iwe na majani manne au matano. Kitalu kimwagiwe maji asubuhi, na miche ing'olewe jioni au siku ya mawingu, kila mmoja na bonge lake la udongo, ikapandwe kwa nafasi ya futi 1 na nusu mpaka 2. Udongo ushindiliwe kwa vidole kuzunguka shina. Mche uliopandwa vizuri ukivutwa jani hukatika jani, haung'oki.

Asubuhi ya pili au ya tatu pengine itaonekana miche iliyokatwa chini kama kwa kisu. Huyo ni kiwavi wa udongoni, mnene, wa rangi ya kijivu, atembeaye usiku. Hayuko mbali. Mtoto mwenye macho mazuri akifukua udongo kwa kijiti kina cha inchi moja au mbili kuzunguka mche uliokatwa, mara nyingi humkuta amejikunja, naye akiuawa siku hiyo hatakata mwingine. Kipande cha ganda la mgomba kikizungushwa shina na kuzamishwa kidogo katika udongo humzuia asifike.

Baadaye hutokea jambo ambalo mwenye bustani hapaswi kulisahau hata mwaka ulio mzuri. Mvua za mwanzo zaweza kunyesha juma moja, zikakoma juma mbili au tatu, ndipo zikaanza tena. Miche iliyohamishwa itahitaji maji ya kuchota siku hizo, kopo moja kwa kila shina jioni, na nyasi kavu zilizotandazwa chini yake kuzuia udongo usikauke. Yeyote asiye na maji ya kutosha aikinge ile iliyo bora na kuiacha mingine. Na mbegu zisimwagwe zote katika kitalu cha kwanza: nusu ibaki katika chupa kavu iliyofungwa, isiwe katika kitalu cha pili juma mbili baadaye. Mvua ikidanganya, kitalu hicho ndicho kitakacholisha nyumba mwezi wa Juni. Isipodanganya, miche itakayozidi haitakosa jirani wa kuiomba.